Kukagua chembe za nano nyumbani: mwongozo kamili kwa anayejali vinasaba vyake

Wasomaji wengi waliojaribu kukagua bidhaa za nyumbani wakitafuta chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, wamekwama palepale. Wanatoa vipodozi kabatini, wanatafuta neno «nano», hawalioni, wanarudisha kila kitu mahali pake wakiwa na amani ya bure. Wengine hufanya kinyume: wanaona titani dioksidi, unga mweupe wa madini, kwenye losheni ya jua, wanaitupa, kisha wanakwenda juani bila kinga, huku kopo la shampuu kavu ya kupuliza likibaki palepale bafuni.

Makosa yote mawili yana mzizi mmoja. Watu huuliza «kuna nini ndani?» kabla ya kuuliza «kitaingia mwilini kwa njia gani?» Kwa upande wa vinasaba, swali la pili ndilo lenye uzito.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenye kamera ya kukuza. Maandishi ya viambato huwa madogo kuliko macho ya mtu aliyechoka.
- Tochi yenye mwanga mkali, tofauti na simu unayopigia picha.
- Daftari na kalamu, au karatasi moja yenye safu nne.
- Barakoa ya N95 au FFP2. Ya kitambaa haitoshi kwa kazi hii.
- Kitambaa chenye unyevu na mfuko wa plastiki unaofungika.
- Muda wa saa moja na nusu wakati wa usiku, watoto wakiwa wamelala.

Usinunue kipimo chochote cha «kugundua nano» kwa matumizi ya nyumbani. Chembe ya nano ina ukubwa wa nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe hizo huonekana kwa hadubini ya elektroni, si kwa karatasi inayobadilika rangi.

## Hatua ya 1: Panga bidhaa kwa umbo lake

Toa kila kitu mezani: vipodozi, dawa za usafi, rangi, dawa za viatu, virutubisho, vyakula vya unga. Usivipange kwa matumizi yake. Vipange kwa mafungu manne: vya kupuliza, vya unga mkavu, vya kumeza, na vya kupaka.

Kwa nini hivi? Chembe ya nano inaweza kuharibu vinasaba kwa njia tatu. Ya kwanza ni kugusana na DNA yenyewe, uzi unaobeba vinasaba, ndani ya kiini cha seli. Uzi wa DNA una upana wa nanomita 2 tu, kwa hiyo chembe ndogo sana inaweza kuufikia, lakini si kazi rahisi, maana kiini kina ukuta na milango yake ni myembamba. Ya pili ni kuzalisha oksijeni kali ndani ya seli, ambayo hushambulia DNA hata kama chembe yenyewe imebaki nje ya kiini. Chembe nyingine huachia ayoni za metali, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Fedha (madini ya silver) na zinki hufanya hivyo, na ayoni hizo huzidisha vurugu.

Ya tatu ndiyo watu huisahau. Chembe zinapokwama ndani kabisa ya mapafu, seli za kinga huzimeza ili kuzisafisha. Zisipofaulu, hukasirika, huita wenzake, na uvimbe hauishi. Katika vurumai hiyo, seli za kinga zenyewe humwaga oksijeni kali inayokata DNA za seli jirani. Chembe haijagusa kinasaba chochote, lakini kinasaba kimeumia.

Njia hii ya tatu ndiyo inayofanya mapafu yatangulie katika ukaguzi. Mwaka 2006 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka titani dioksidi katika kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi uliobeba uamuzi huo ulitoka kwa panya waliovuta vumbi lake, si kwa watu waliojipaka krimu.

Tahadhari: bidhaa moja inaweza kuingia mafungu mawili. Rangi ya mdomo ni ya kupaka, lakini nusu yake huishia tumboni. Iandike kote kuwili.

Umefaulu ukiona: hakuna kitu kilichobaki pembeni kwa sababu «hiki sijui nikiweke wapi». Kama kipo, jiulize utakivuta, utakimeza, au kitakaa juu ya ngozi.

## Hatua ya 2: Geuza chupa, soma mgongo wake

Sehemu ya mbele ni tangazo. Piga picha ya orodha ya viambato, ikuze, kisha tafuta majina na namba hizi kama zinavyoandikwa:

- Titanium Dioxide, CI 77891, au E171: weupe wa dawa ya meno, peremende, vidonge, losheni ya jua.
- Zinc Oxide au CI 77947: losheni ya jua, krimu za watoto.
- Silica au E551: huzuia unga usigandane, imo kwenye poda, viungo vya unga na krimu ya unga ya kahawa.
- Silver, Colloidal Silver, CI 77820 au E174: soksi zisizonuka, dawa za kuua vijidudu, mapambo ya keki.
- Carbon Black au CI 77266: wanja, maskara, wino wa unga wa printa.
- Iron Oxides, CI 77491, 77492 na 77499, au E172: rangi za vipodozi na vyakula.

Kuona jina hapa hakumaanishi kwamba umeona nano. Titani dioksidi ya rangi ya ukutani hutengenezwa ikiwa na chembe za nanomita 200 hadi 300 hivi, kwa sababu hapo ndipo inapoutawanya mwanga vizuri zaidi. Ile ya losheni ya jua hutengenezwa ikiwa ndogo zaidi sana ili isikuachie uso mweupe kama chokaa. Kwa hiyo losheni ya madini inayopotea kabisa kwenye ngozi mara nyingi ina nano. Inayobaki nyeupe huenda haina, au inayo kidogo.

Neno lenyewe linasaidia sehemu moja. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2013 kipodozi chenye kiambato cha nano lazima kiandikwe neno «nano» ndani ya mabano mara baada ya jina la kiambato. Kwa vyakula sharti kama hilo lilianza Desemba 2014. Bidhaa iliyotengenezwa kwa soko lisilo na sharti hilo inaweza kuwa na nano tele bila herufi moja ya kukuambia. Hapo ndipo wale wa amani ya bure wanapoteleza.

Upande wa mbele nao una hila yake. Mwaka 2006 nchini Ujerumani, karibu watu 100 walipata shida ya kupumua baada ya kutumia dawa ya kupuliza ya kulinda vioo na vigae, iliyobeba neno nano katika jina lake. Baadhi walilazwa. Uchunguzi ulipofanywa, haikukutwa na chembe za nano hata kidogo. Kilichoumiza ni ukungu wenyewe, namna ulivyopulizwa ukawa mwembamba mno. Nano ilikuwa kwenye jina tu.

Umefaulu ukiona: kila bidhaa ina alama moja kati ya tatu: «inayo», «huenda», «sioni». Usiandike «haina». Huna uwezo wa kuthibitisha hilo ukiwa jikoni.

## Hatua ya 3: Jaribio la tochi kwa vya kupuliza

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

Zima taa na feni, funga madirisha. Hakikisha hakuna moto, jiko wala sigara karibu, maana gesi ya kopo huwaka. Vaa barakoa. Iweke tochi juu ya meza ikimulika kwa ubavu, wewe usimame mlangoni. Nyosha mkono, puliza mara moja tu kukatisha mwanga, kisha rudi nyuma na uanze kuhesabu.

Matone makubwa utayaona yakianguka kama manyunyu, na ndani ya sekunde chache mwanga umebaki mtupu. Ukungu mwembamba hauanguki. Unajikunja na kupanda kidogo kama moshi wa mshumaa uliozimwa, na kila ukipumua upande wake unasogea. Kopo langu la shampuu kavu nilihesabu hadi 90 likiwa bado linang'aa hewani, na bidhaa hiyo mtu huipuliza sentimita chache kutoka puani.

Tone likiwa chini ya maikromita 10 hivi (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) linaweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Chupa za kubana kwa kidole kwa kawaida hutoa matone makubwa kuliko makopo ya gesi. Ndiyo maana kamati ya kisayansi ya Ulaya inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji iliiridhia titani dioksidi ya nano kwenye losheni za jua hadi asilimia 25, lakini ikakataa isitumike kwa namna itakayofanya ivutwe mapafuni. Kiambato ni kilekile, umbo ndilo lililobadilika.

Tahadhari: jaribio hili linaweza kuitia bidhaa hatiani, haliwezi kuiachia huru. Matone hukauka yakiwa hewani na kuacha chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwanga ukiwa mtupu haimaanishi hewa ni safi. Ukimaliza fungua madirisha, na usiingie kwa robo saa.

Poda kavu ipime vivyo hivyo: ipige-pige juu ya kitambaa mbele ya mwanga. Ikitoa wingu, iweke fungu moja na vya kupuliza.

Umefaulu ukiona: umepata orodha fupi ya vitu vinavyoelea na vyenye alama ya «inayo» au «huenda». Kwa nyumba nyingi vitakuwa vitatu au vinne. Hivyo ndivyo vya kuondoa au kubadilisha kwanza: poda iliyoshindiliwa badala ya ya unga, krimu badala ya kopo, dawa ya kwapa ya kupaka badala ya ya kupuliza.

## Hatua ya 4: Vya kumeza

Hapa wataalamu wenyewe hawakubaliani, kwa hiyo usiogope ukisoma habari mbili zinazopingana.

Mei 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema E171 haiwezi tena kuhesabiwa kuwa salama kama kiongeza cha chakula. Ufaransa ilikuwa imeshaizuia tangu Januari 2020. Umoja wa Ulaya wote ukafuata mwaka 2022. Soma vizuri sababu. EFSA haikusema E171 imeharibu vinasaba vya watu. Ilisema kwamba shaka ya kuharibu vinasaba haikuweza kuondolewa, na kwa dosari ya aina hiyo hakuwezi kuwekwa kiwango cha kila siku kinachosemwa ni salama. Hadi nusu ya chembe za E171, kwa kuzihesabu moja moja, zinaweza kuwa chini ya nanomita 100.

Upande wa pili, Kanada ilipitia ushahidi mwaka 2022 na haikuona sababu ya kuizuia. Mwaka 2023 kamati ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), JECFA, nayo ilisema haioni hatari kwa matumizi ya kawaida ya chakula. Marekani bado inaruhusu isizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula.

Mimi naamua hivi: E171 haina kazi yoyote kwenye chakula isipokuwa weupe. Hailishi, haihifadhi, haina ladha. Kitu cha pambo tu chenye shaka isiyoondoka sina sababu ya kukimeza. Peremende nyeupe, chingamu na rangi nyeupe ya keki nimeviacha, wala sikuhisi pengo.

Vidonge vya hospitali ni habari nyingine. Vingi vimepakwa weupe huohuo, na hata Ulaya iliendelea kuuruhusu kwenye dawa. Usiache kumeza dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya rangi ya ganda lake. Kiasi ni kidogo mno, na ugonjwa usiotibiwa si jambo la shaka.

Kuna kimoja nisichosita kukikataa: maji ya fedha yanayouzwa kama kinga ya kila ugonjwa. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa za aina hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu. Anayeyanywa kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu-buluu, na rangi hiyo haitoki. Yatoe leo.

Dawa ya meno ya mtoto anayemeza badala ya kutema ichague isiyo na CI 77891. Zipo nyingi, hasa zile za jeli zinazopitisha mwanga.

## Hatua ya 5: Vya kupaka, viache vilipo

Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa, zilizopangana kama vigae. Chembe za titani na zinki hukaa juu yake, na hazikutwi zikivuka kwa kiasi cha maana kufika kwenye seli hai. Mwanga wa jua, kwa upande wake, hupenya na kuzifunga herufi jirani za DNA pamoja, ushahidi wake haubishaniwi, na saratani ya ngozi ni matokeo yake.

Kwa hiyo anayetupa losheni ya jua kwa kuogopa kuharibiwa vinasaba anavipeleka vinasaba vyake kwa mharibifu anayejulikana. Kwa mtu mwenye ualbino kosa hilo ni la hatari kabisa.

Yaliyobaki ni madogo. Usipake juu ya jeraha bichi au ngozi iliyobabuka. Kwa uso, mimina losheni kiganjani kwanza, usiupulizie. Fedha, dhahabu, shaba na platini za nano kwenye krimu za urembo usizitumie: Machi 2024 Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku katika vipodozi, na muda wa kuziuza huko ulimalizika mwaka 2025.

## Hatua ya 6: Hoji dai la «imethibitishwa salama»

Bidhaa fulani hubeba karatasi au ukurasa wenye maneno «imepimwa, haina madhara kwa vinasaba». Usiikatae, usiikubali. Tafuta jina la kipimo.

Ukikuta jaribio la Ames peke yake, dai halijasimama. Jaribio hilo hutumia bakteria, na kwa kemikali za kawaida ni zuri sana. Bakteria ana ukuta mgumu na hamezi vitu kama seli za mwili wetu zinavyomeza, kwa hiyo chembe za nano nyingi hazimuingii. Bakteria anatoka salama kwa sababu hakuguswa. Ni kama kumsifu mlinzi kwa usiku ambao mwizi hakupita.

Unachotaka kuona ni vipimo vya seli za wanyama au za binadamu. Kimoja huhesabu viini vidogo: seli inapogawanyika huku kromosomu (kifungu cha DNA) imevunjika, kipande kilichoachwa hujikunja pembeni kikawa kijiini cha ziada, na mtaalamu huvihesabu chini ya hadubini. Kingine huitwa kipimo cha kometi. Seli huzamishwa ndani ya jeli nyembamba juu ya kioo, utando wake unayeyushwa, kisha umeme unapitishwa. DNA nzima inabaki bonge la mviringo. Iliyokatika vipande inavutwa na umeme, inajiburura nyuma ya bonge, na kwa rangi ya kung'aa unaona nyota yenye mkia. Mkia ukiwa mnene, uharibifu ni mwingi.

Kisha uliza maswali mawili. Je, walionyesha kwamba chembe ziliingia ndani ya seli? Chembe za nano hupenda kugandamana kuwa mabonge na kuzama chini ya chombo, na bonge si nano tena. Na je, seli zilikuwa hai? Kiasi kikubwa cha chembe kikiua seli, DNA yake hukatika kwa sababu ya kifo chenyewe, na matokeo hayo hayakuambii lolote kuhusu kiasi kidogo unachokutana nacho. Swali hili linafichua pia habari za kutisha: tafiti nyingi zinazopigiwa kelele zilimwagia seli chembe kwa kiasi ambacho hakuna atakayekikuta bafuni.

Umefaulu ukiona: unaweza kusema kwa sentensi moja dai linategemea kipimo gani. Usipopata jina la kipimo, litazame kama tangazo na urudi kwenye matokeo ya hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Kuondoa na kusafisha

Poda unazoziondoa zifunge kwenye mfuko zikiwa ndani ya kopo lake. Usizimimine wala kuzikung'uta. Sehemu zilipomwagika zifute kwa kitambaa chenye unyevu. Fagio kavu huirudisha hewani kazi yote uliyoifanya. Ukuta wa rangi ya zamani ukihitaji kukwanguliwa, uloweshe kwanza na uvae N95.

Soksi na nguo zenye fedha huachia fedha hiyo kila zinapofuliwa, na nyingine hupoteza sehemu kubwa ndani ya mafuo machache. Kama umeshazifua mara nyingi, nano uliyoilipia huenda imeshakwenda na maji, kwa hiyo zivae hadi zichakae.

Dawa zenye fedha usizimwage kwenye sinki kwa wingi, kwani huua bakteria wanaosafisha maji taka. Kopo la kupuliza usilitoboe wala kulitupa motoni hata ukilitikisa ukasikia ni tupu. Gesi iliyobaki hulipuka.

Zile picha za viambato zihifadhi kwenye simu kwa jina la bidhaa. Watengenezaji hubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha sura ya kopo, kwa hiyo ukinunua jipya, linganisha picha kabla ya kulifungua.